Pikipiki ya baba haikuuzwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Lualaba ingali imefunikwa na ukungu, vijana wa pirogi waliishika pikipiki pale kivukoni upande wa Kasuku, mmoja mbele, wawili nyuma, wakaisimamisha katikati ya magunia ya chumvi na makatoni ya sabuni. Mwenye pirogi akaniangalia: "Papa, lipa ya motard na lipa ya moto."

Nikamujibu: "Motard si miye."

Akatafuta kwa macho. Akaona binti mwenye koti ya mvua, kofia ya motard chini ya kwapa. Akacheka sana. "Huyu? Basi Papa, weye uko na roho ya nguvu."

Binti hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa anaangalia kitu kimoja tu: kama kamba iliyofunga gido ya pikipiki yake iko imara. Tulipofika Alunguli akaishusha yeye mwenyewe, akapiga kiki mara moja, ikawaka. Akasikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande, sawa vile mama anasikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Halafu akaniambia: "Mujomba, panda."

Binti huyo ni mupwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka 23. Jina lake siliandiki, maana mambo ya jamaa nitakayoeleza hapa bado yanauma wengine, na sisi wote tunaishi kartie moja. Siku ile alinipeleka Kalima, karibu kilomita 100 kutoka Kindu, kwa mkutano wa sendika. Nilikaa nyuma yake sawa mzigo. Miaka mingi nimepigania haki za wachimbaji, nimeandika barua, nimekaa mbele ya wakubwa. Lakini haki iliyokuwa inatafutwa mu nyumba ya dada yangu mwenyewe, nilichelewa kuiona.

Urithi wa mchimbaji

Shemeji yangu alikuwa creuseur. Wengi wenu mnajua maisha yale: leo umepata kasiterite, unakula nyama; kesho shimo limejaa maji, unakopa unga. Mwaka mmoja alipata kidogo, hakuoa bibi wa pili, hakununua redio kubwa. Alinunua TVS. Alisema: "Miguu yangu itachoka, hii haitachoka."

Kila Jumapili aliifungua mbele ya nyumba, kule Kasuku, na kuisafisha. Watoto wake wa kiume walikimbilia mpira. Binti alibaki kumushikia funguo. Hapo ndipo alijifunza. Baba yake alimuonyesha buji: ikiwa nyeusi na imejaa masizi, injini inakula esansi nyingi kuliko hewa, ikiwa nyeupe, inaungua, inapata moto kupita kiasi, ikiwa na rangi ya biskwiti, ni muzuri, irudishe. Alimuonyesha namna ya kukaza nyororo, si sana, si kidogo. Alimufundisha kusikiliza. "Injini inasema," alikuwa anamuambia. "Mutu asiyesikia, ndiye anaharibikiwa njiani."

Halafu, mu kipindi cha mvua, udongo ulianguka. Ninyi munajua. Walimutoa siku ya pili. Hakukuwa na kontra, hakukuwa na asiransi, hakukuwa na mutu wa kujibu. Tulipewa sanda na mchele wa kilio, basi. Mu nyumba kulibaki mjane, watoto wanne, na pikipiki moja.

Siku arobaini zilipokwisha, jamaa ya marehemu ikakaa. Baba mudogo, ndugu wa marehemu, akasema maneno ambayo yalionekana ya akili: pikipiki inalala tu, inaota kutu, mtoto mkubwa ni mwanamke, hataweza, iuzwe, makuta igawanywe. Hakuwa mutu mubaya. Naye ni mchimbaji, naye alikuwa na madeni.

Miye nilisimama na sheria. Niliwaambia: Sheria ya jamaa, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, inasema watoto wa marehemu, wanaume kwa wanawake, ndio warithi wa kundi la kwanza. Ndugu wa marehemu wako mu kundi la pili, pamoja na mjane na wazazi. Pikipiki si ya ukoo kwanza, ni ya watoto kwanza. Wakaniangalia. Mzee mmoja akasema: "Sheria ni sawa. Lakini sheria itaendesha moto?"

Kweli, nilikosa jibu. Jibu lilitoka kwa binti.

Maji chini, esansi juu

Baba mudogo alikuwa amekuja na mnunuzi. Wakapiga kiki. Ikakataa. Wakapiga tena, wakapokezana, jasho likawatoka. Wakaitwa fundi, fundi akaangalia kidogo akasema karabireta imekufa, inahitaji ingine mpya, na akataja bei. Mnunuzi akaanza kupunguza bei yake.

Ndipo binti akainuka kutoka kwa wamama. Akaomba ruhusa kwa heshima, akapiga magoti kando ya injini. Akafunga robine ya esansi. Akachukua bisibisi, akalegeza kisukurubu kidogo kilicho chini kabisa ya karabireta, akaweka kifuniko cha chupa chini yake. Likatoka tone, halafu matone. Akawaonyesha wazee kile kifuniko: chini kulikuwa na maji, juu kulikuwa na esansi, kila kitu mahali pake.

"Esansi ya kadafi ilichanganywa maji," akasema. "Maji ni mazito kuliko esansi, inakaa chini, ndiyo injini inakunywa kwanza. Karabireta haijakufa, Baba mudogo. Ilikunywa maji tu."

Akakaza kisukurubu, akafungua robine, akangojea kidogo, akapiga kiki. Mara ya pili ikawaka. Wamama wakapiga vigelegele. Fundi akaondoka bila kuaga.

Wazee hawakumupa pikipiki siku ile, musidhani hivyo. Walimupa mwaka mmoja. Mu mwaka huo pikipiki ilipe masomo ya wadogo zake watatu, na ilishe nyumba. Ikishindwa hata trimestri moja, itauzwa, na hakuna mutu atakayetaja tena sheria. Alikubali. Tangu hapo, kila anapoweka mguu mu kiki, anaweka nyumba nzima.

Namna pikipiki ilikuja kuwa bwana wa njia

Vijana wetu wanafikiri mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Hapana. Wazee wetu wa Kalima, wa Punia, wa Kampene walifanya kazi na kampani. SOMINKI iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampani ya zamani, SYMETAIN na zingine. Kulikuwa na malori, na kampani ndiyo ilitengeneza barabara na madaraja. Halafu mwaka 1985 bei ya bati ilianguka ulimwenguni kote, na kampani ikaanza kufa polepole. Mwaka 1997 ikaja SAKIMA kurithi vibali vyake, lakini malori hayakurudi. Vita ikamaliza kilichobaki. Barabara ikawa kinjia, na kinjia kikawa cha baiskeli. Ma-toleka walisukuma magunia kwa mabega yao siku nyingi porini. Baada ya vita, pikipiki za Asia zikaingia, za bei ndogo, zenye kula esansi kidogo.

Leo, mu carré minier, kila kitu kinapita juu ya magurudumu mawili. Unga, mafuta, beleshi, simu, mgonjwa, mama mwenye uchungu wa kuzaa, gunia la kasiterite lenye etiketi yake. Anayeendesha pikipiki ndiye anapata sehemu yake kila siku, hata kama shimo limekauka. Na wamama je? Wamama wako nyuma, na ndoo, na mtoto mgongoni, wanalipa. Wanaitumia kuliko sote, lakini gido hawaishiki. Miye mwenyewe nilifikiri ni desturi tu. Lakini ni mambo ya mukate pia. Mwenye kushika gido ndiye anashika makuta.

"Mu course hakuna mbuzi"

Lakini nisimufanye mupwa wangu kuwa mutu wa shida tu. Angekuwa na mali, bado angeendesha. Anaipenda pikipiki, basi, sawa wengine wanavyopenda mpira ao rumba. Mangaribi, akikwisha kuosha pikipiki, anaangalia mashindano mu simu yake, kama kuna chaji na mega. Anayajua majina ya wakimbiaji kuliko vile miye najua majina ya mawaziri.

Njiani, tulipopumzika chini ya muti kando ya duka la mama mmoja wa chikwange, aliniambia habari za Laia Sanz, mwanamke wa Hispania. Mwaka 2015 huyo alimaliza mashindano ya Dakar kwa pikipiki akiwa wa tisa, kati ya wanaume wote waliokuwa pale. Wakati ule Dakar ilikuwa inakimbizwa Amerika ya Kusini. Aliniambia juu ya Ana Carrasco, Muhispania pia, ambaye mwaka 2018 alichukua ubingwa wa dunia mu kundi la Supersport 300, mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa barabara akiwa peke yake juu ya pikipiki, akishindana na wanaume. Halafu akafikia wale anaowapenda zaidi, Kirsten Landman na Taye Perry. "Hawa ni wa Afrika, Mujomba. Wa Afrika Kusini." Mwaka 2020 Dakar ilikwenda Saudia kwa mara ya kwanza, na wale wawili wakawa wanawake wa kwanza wa Afrika kuimaliza kwa pikipiki. Karibu majuma mawili, mchanga na mawe.

Nikamukemea kidogo, nikiwa mkubwa wake. Nikamuambia: mwanangu, mbio ndiyo inamaliza vijana wetu. Kila Jumapili tunazika. Sasa weye unanisifia mbio?

Akatikisa kichwa. "Mujomba, mu course batu bote banaenda upande moja. Hakuna mbuzi, hakuna mutoto anavuka na ndoo, hakuna mama na mihogo. Batu biko na kofia, biko na munganga anangojea pale pale. Hapa kwetu, mwenye kufanya course mu barabara haiko mukimbiaji. Iko muuaji."

Nikanyamaza. Akaongeza kwamba yeye haangalii wale wanaofika wa kwanza. Anaangalia macho yao na mikono yao. Anaona wanapunguza mbio kabla ya kona, si ndani ya kona. Wanatazama mbali, pale wanapotaka kwenda, si kwenye shimo wanaloliogopa. "Ukitazama shimo, utaenda mu shimo." Alisema hivyo juu ya pikipiki. Miye niliyefanya kazi ya mashimo nusu ya maisha, nilisikia ingine.

Wawili waliopita inchi yetu

Ndipo nikaona ni zamu yangu ya kumupa habari. Nilikuwa nimesoma habari za wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Tarehe 11 Desemba 1934 waliondoka London juu ya pikipiki moja, Panther ya 600, yenye kiti cha pembeni na kitoroli nyuma. Walitaka kufika Cape Town, mwisho kabisa wa Afrika. Hakukuwa na gari nyuma yao la kubeba chakula wala fundi. Walivuka Sahara, injini ikawafia mu jangwa, na kule Agadez, mu inchi tunayoiita leo Niger, wakaijenga upya. Wakaendelea. Na mu njia yao walipita Congo, iliyokuwa koloni ya Ubeleji. Hawakupita Kindu, walipita kaskazini, wakatokea Uganda, halafu Kenya na Tanganyika. Tarehe 29 Julai 1935 wakaingia Cape Town.

Mupwa wangu aliacha kutafuna. "Walifungua injini wenyewe?"

"Wenyewe."

"Basi walikuwa wanaipenda kweli," akasema. Hakuniuliza kama walikuwa wazuri, ao kama walikuwa na mabwana. Aliuliza juu ya injini.

Nikamuambia pia upande ambao vitabu vya wasafiri hupita haraka. Barabara zile za mwaka 1935 zilichimbwa na babu zetu, kwa kazi ya shuruti, chini ya fimbo. Hatuwezi kusifu pikipiki na kusahau mikono iliyolima njia. Akakubali. "Lakini Mujomba, bibi zetu nao walilima ile njia, na hawakupanda kitu."

Neno hilo ninaliandika hapa sawa alivyolisema.

Theresa Wallach hakuacha. Mwaka 1939, mu uwanja wa Brooklands, alizunguka kwa mbio ya zaidi ya maili 100 kwa saa, ndiyo kilomita 160, akapewa nyota ya dhahabu. Blenkiron alikuwa ameipata yake tangu 1934. Wakati wa vita kubwa, Wallach alikuwa fundi wa jeshi, halafu mpeleka-barua kwa pikipiki. Baadaye alihamia Marekani, akauza na kutengeneza pikipiki Chicago, akafungua shule ya kufundisha watu kuendesha kule Arizona. Alikufa mwaka 1999, siku alipotimiza miaka 90. Mapenzi ya pikipiki yalimulisha mpaka uzee. Hiyo ndiyo nilitaka binti asikie: kwamba si utoto utakaomupita.

Creuseur aliyekataa

Tulifika Kalima jua likiwa limeelekea magharibi. Njiani kijana mmoja alikuwa ametupita kwa fujo, akapiga hone, akatutupia tope na tusi juu ya wanawake. Mupwa wangu alipunguza, akamuachia njia yote. Sikuona hata mabega yake yakitikisika.

Kesho yake, baada ya mkutano, alitafuta abiria wa kurudi naye mpaka kijiji kimoja cha njiani, maana miye nilibaki siku mbili. Creuseur mmoja, mutu ninayemujua, mwenye kuchoka, mwenye gunia la nguo, alisogea. Bei wakapatana. Alipoona nani anaendesha, akarudi nyuma. "Miye sibebwe na mwanamke." Akaanza kwenda kwa miguu, kilomita nyingi, na malaria yake.

Binti aliangalia makuta yale yakienda. Trimestri ilikuwa inakaribia. Hakusema kitu, alifunga kofia tu. Lakini miye niliona haya. Yule mutu ni memba wetu. Ameimba na sisi nyimbo za haki. Anajua kudai bei ya haki ya kilo yake, lakini anakataa mkono wa kumubeba kwa sababu ni wa mwanamke.

Na si yeye peke yake. Chama kimoja cha motards kilimuambia binti angojee kwanza kupewa gilet, mpaka "wakubwa wakutane". Wakubwa hawajakutana mpaka leo. Wengine wanasema: akiolewa, bwana atamukataza. Ndugu zangu, hata hapo inchi imebadilika. Zamani sheria ilimulazimisha mke kuomba ruhusa ya bwana kwa matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa ile. Mambo ya nyumba yanapatanwa na wawili. Bwana mwenye akili ataona kwamba nyumba yenye mishahara miwili haililii shimo lililokauka.

Nimalize kwa neno kwenu, wachimbaji na wamama wa wachimbaji.

Kazi yetu inaua baba ghafla. Tunajua, lakini hatutayarishi. Tunaacha pikipiki bila karatasi yenye jina, na watoto wanaojua kuiosha tu. Andikeni karatasi ya kununua, iwekeni mahali mjane anapajua. Siku mnafungua injini mbele ya nyumba, muiteni mtoto anayetaka kuangalia, hata kama amevaa rinda. Mufundisheni buji, nyororo, freni, na maji ya chini ya karabireta. Mumununulie kofia kabla ya kumununulia hone. Na siku motard anayesimama mbele yenu ni mwanamke, muulizeni bei, mupande.

Mwaka ambao wazee walitoa haujaisha. Trimestri mbili zimelipwa, ya tatu inabaki. Nitasema uongo nikiandika kwamba nalala vizuri: tairi ya nyuma imekwisha, na mvua inakuja. Lakini Jumapili iliyopita baba mudogo alifika kwa dada yangu. Tukafikiri amekuja na mnunuzi. Alikuwa peke yake. Akakaa, akanywa chai, akaangalia chini muda mrefu. Halafu akamuita binti pembeni, akamuambia jirani yake ana pikipiki inayotoa sauti mbaya, watu watatu wameishindwa.

"Kama uko na nafasi," akasema, "njoo uisikilize."